Tamko la Wasomaji wa Isingiro kuhusu Maisha ya Mchungaji Egerton Ryerson na Haki ya Wananchi ya Maktaba ya Umma

UTANGULIZI

1. Sisi, wanachama wa chama cha wasomaji, walimu na wazazi wa Isingiro, Wilaya ya Kyerwa, pamoja na wenzetu wa Wilaya ya Karagwe, tunatoa tamko hili kwa wananchi wa wilaya zote mbili, kwa halmashauri zao, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kwa viongozi wa dini walioshika dhamana ya elimu katika Mkoa wa Kagera.

2. Tamko hili linatokana na hoja inayorudiwa mara kwa mara katika vikao vya vijiji na kata. Husemwa kwamba maktaba ni jambo jema lakini halina haraka; kwamba barabara, maji na zahanati vitangulie, vitabu vingoje wafadhili; na kwamba mwenye uchungu wa kuona watu wanasoma ajenge chumba kanisani au msikitini kwake. Wengi wanaosema hivyo ni watu wa kuheshimika na wanasema kwa nia njema. Chama kinaiheshimu nia yao na kinaikataa hoja yao.

3. Ili sababu za kuikataa zieleweke, Chama kimeona vema kuweka mbele ya umma maisha ya Mchungaji Adolphus Egerton Ryerson wa Kanisa la Methodisti nchini Kanada, aliyezaliwa mwaka 1803 na kufariki mwaka 1882. Ryerson aliitoa maktaba katika hisani ya watu wachache akaiingiza katika sheria ya nchi. Jina lake pia limebeba doa zito, ambalo kila anayepanga elimu ya umma anapaswa kulijua kabla hajaanza kazi. Kwa sababu hizo mbili, mfano wake unaihusu Isingiro.

MAISHA YA MCHUNGAJI RYERSON

4. Egerton Ryerson alizaliwa tarehe 24 Machi 1803 katika eneo la Norfolk, katika koloni la Uingereza lililoitwa Upper Canada, ambalo leo ni jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi aliyeshikamana na ufalme wa Uingereza na Kanisa la Anglikana. Kijana alipojiunga na Wamethodisti akiwa na umri wa miaka 18, baba alimpa kuchagua kati ya kuwaacha Wamethodisti na kuondoka nyumbani. Egerton aliondoka.

5. Mwaka 1826, akiwa mhubiri wa miaka 23 asiye na cheo, alimjibu hadharani John Strachan, kiongozi mkubwa wa Kianglikana katika koloni hilo. Wakati huo sehemu moja ya saba ya ardhi ya umma ilikuwa imetengwa kwa ajili ya makasisi wa Kiprotestanti, na Kanisa la Anglikana lilidai kuwa fungu hilo ni lake peke yake. Ryerson aliandika kwamba dola haina haki ya kuchukua mali ya wote na kulitunuku kanisa moja. Msimamo huo ulimjengea jina, na ndio uliokuja kuongoza kazi yake ya elimu.

6. Mwaka huohuo alitumwa kwenye misheni ya Mto Credit, kwa Wamississauga, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Alikaa nao, alilima nao, akajifunza lugha yao ya Kiojibwe, akafanya kazi bega kwa bega na Peter Jones, mhubiri mwenyeji ambaye jina lake la kwao lilikuwa Kahkewaquonaby. Wenyeji walimpa Ryerson jina la lugha yao. Chama kinaomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa uzito wake utaonekana katika aya ya 11.

7. Mwaka 1829 alikuwa mhariri wa kwanza wa gazeti la Wamethodisti, Christian Guardian. Mwaka 1841 alikuwa mkuu wa kwanza wa Victoria College. Mwaka 1844 alikabidhiwa usimamizi wa shule zote za Kanada Magharibi, jina jipya la Upper Canada, wadhifa alioushika hadi mwaka 1876. Kabla ya kupendekeza lolote alisafiri nchi nyingi za Ulaya kuona jinsi watoto wanavyofundishwa. Sheria za mwaka 1846 na 1850 zilijenga mfumo wa shule za umma, na sheria ya mwaka 1871 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima katika Ontario.

8. Ryerson alitambua mapema kwamba shule isiyo na maktaba hufundisha watu kusoma kisha ikawaacha bila cha kusoma. Kwa hiyo, baada ya sheria ya mwaka 1850, ofisi yake ilianzisha bohari ya elimu mjini Toronto. Bohari hiyo ilinunua vitabu kwa wingi na kwa bei nafuu, ikavisambaza kwa shule na kwa maktaba za umma za maeneo yaliyovihitaji. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka hata na mkulima: wananchi wa eneo walichanga fedha kupitia baraza lao, serikali ikaongeza kiasi kilekile, na eneo likapokea vitabu vya thamani ya mara mbili ya mchango wake. Asiyechanga hakupewa. Aliyechanga hakuachwa peke yake.

9. Izingatiwe kwamba Kanada Magharibi ya mwaka 1850 ilikuwa nchi ya wakulima. Barabara zake zilikuwa mbovu, misitu ilikuwa bado inafyekwa, na mahitaji yalikuwa mengi kuliko fedha. Nchi ile haikungoja barabara ziishe ndipo ianze maktaba. Ilizijenga zote mbili kwa pamoja, kwa fedha ya wakulima walewale.

10. Mchungaji Ryerson alifariki tarehe 19 Februari 1882. Mwaka huohuo Ontario ilipitisha sheria ya maktaba za bure, iliyoziruhusu halmashauri za miji kuendesha maktaba kwa kodi na kumfungulia mlango kila mkazi bila malipo. Kazi iliyoanza kwa bohari ya vitabu ikawa haki iliyoandikwa, ambayo haikuhitaji tena mtetezi mmoja mwenye jina kubwa.

11. Chama kingekuwa kinaudanganya umma kama kingeishia hapo. Mwaka 1847, alipoombwa ushauri na serikali juu ya elimu ya watoto wa wenyeji wa asili, Ryerson alipendekeza shule za bweni za peke yao, mbali na wazazi wao, zenye kazi za shamba, mafundisho ya dini na Kiingereza. Aliyependekeza hayo ndiye aliyekaa Mto Credit na kujifunza Kiojibwe. Kwa vizazi vilivyofuata, watoto wapatao 150,000 walipitia shule za bweni za namna hiyo zilizoendeshwa na serikali pamoja na makanisa. Wengi walipigwa marufuku kusema lugha za mama zao, na maelfu hawakurudi nyumbani. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015. Juni 2021 sanamu ya Ryerson mjini Toronto iliangushwa, na Aprili 2022 chuo kikuu kilichobeba jina lake kikapewa jina jingine.

12. Chama hakitoi hukumu juu ya sanamu za nchi nyingine. Kinachosema ni kwamba mambo haya mawili yalifanywa na mtu mmoja, kwa imani ileile kwamba elimu ni wokovu wa watu. Alipowaamini wananchi, akaacha mabaraza yao yachange, yaamue na yamiliki, kazi yake iliishi. Alipowapangia wengine maisha bila kuwasikiliza, aliacha jeraha ambalo nchi yake bado inaliuguza.

YALIYOTENDEKA KWETU

13. Mkoa wa Kagera si mgeni katika habari za makanisa na vitabu. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi mwaka 1892. Walutheri wa Bethel kutoka Ujerumani waliwafuata, na walipoondolewa kutokana na Vita ya Kwanza ya Dunia, Wamethodisti wa Wesley nao walifanya kazi Bukoba kwa muda mfupi katika miaka ya 1920. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, na Jimbo Katoliki la Kayanga mwaka 2008. Kwa muda mrefu, mtu wa Karagwe aliyetaka kitabu alikwenda misheni. Chama kinatambua deni hilo na kinalisema kwa shukrani.

14. Taifa lenyewe lilikwishaamua, zamani, kwamba elimu isiwe mali ya dhehebu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule nyingi zilizokuwa za makanisa ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Uamuzi huo ulikuwa na uchungu kwa waliozijenga, na makanisa yaliupokea kwa ustahimilivu. Kanuni iliyokuwa halali kwa darasa ni halali kwa rafu ya vitabu.

15. Maktaba za umma nazo zina historia yake hapa nyumbani. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipeleka vitabu kwa wasomaji wa mbali kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba Sydney Hockey aliwasilisha ripoti yake juu ya maendeleo ya maktaba katika nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilitunga sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Sheria Namba 6 ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania wajibu wa kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba za umma na kufundisha wakutubi.

16. Katika miaka hiyohiyo Taifa liliendesha kampeni ya kufuta ujinga ambayo mataifa mengine yalikuja kujifunza kwayo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 walibaki takriban mmoja katika kila kumi. Wazee wetu wengi wa leo walisoma jioni, chini ya mwembe au darasani baada ya watoto kuondoka, kwa vitabu vidogo vya kilimo bora, afya na siasa. Gazeti la Elimu Haina Mwisho lilichapishwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa. Wapo waliokuja kupoteza ujuzi huo baadaye kwa kukosa cha kusoma, na hasara hiyo ni ya Taifa zima.

17. Leo Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zina shule za msingi na sekondari kila upande. Maktaba ya mkoa iko Bukoba, na mwanafunzi wa Isingiro hawezi kwenda Bukoba kuazima kitabu Jumamosi na kurudi nacho jioni. Katika shule nyingi za vijijini, vitabu vya ziada hukaa kabatini katika ofisi ya mwalimu. Kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja mwenye vipindi siku nzima. Mwalimu huyo hana kosa. Amepewa dhamana ya mali asiyoweza kuilipa ikipotea, kwa hiyo anailinda. Matokeo yake ni kwamba kitabu kinabaki kipya na mtoto anamaliza shule bila kukifungua.

18. Mzazi wa mtoto huyo naye ana hitaji lake. Mnyauko wa migomba ulipoenea Kagera, wataalamu walieleza la kufanya: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kusafisha zana kwa moto au kwa jiki kabla ya kuhamia shina jingine, na kuondoa mgomba ulioambukizwa. Maelezo ya namna hiyo huja kwa kipeperushi cha kurasa chache. Kikigawiwa mkutanoni, baada ya wiki kimefungia karanga. Kikiwekwa mahali pa wote, chenye tarehe na namba ya rafu, mkulima wa mwaka wa kumi bado atakikuta. Anayesema maktaba ingoje kilimo ajue kwamba kilimo chenyewe kinaingoja maktaba.

MSIMAMO

19. Maktaba ya umma ni haki. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya kila mtu ya kujielimisha, na Ibara ya 18 inatambua haki yake ya kutafuta na kupokea habari. Haki ya kujielimisha isiyo na mahali pa kuitekelezea hubaki maandishi. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mwaka 2022, inaweka wajibu wa huduma hiyo kwa mamlaka za nchi na za mitaa. Chama hakiombi fadhila.

20. Maktaba ya umma haina mlango wa dini. Isingiro ina Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, Waislamu na wasio na dhehebu. Chumba cha vitabu ndani ya uwanja wa kanisa au msikiti, hata kikiwa wazi kwa wote, humwambia mmoja aingie kama mwenyeji na mwingine kama mgeni. Mchungaji Ryerson alikataa fungu la upendeleo hata pale Mkristo mwenzake alipolidai. Viongozi wetu wa dini wana nafasi ya kusimama palepale aliposimama.

21. Fedha ya maktaba iandikwe katika bajeti. Msaada wa wafadhili unapokelewa kwa shukrani, na kazi njema imefanyika kwa njia hiyo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa kuungwa mkono na shirika la Kanada, na umewapa watoto vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na Watanzania. Hata hivyo mfadhili huja na muda wake na huondoka na muda wake. Kifungu cha bajeti kilichopitishwa na Baraza la Madiwani hurudi kila Julai. Chama kinaona kuwa utaratibu wa kuchangia nusu kwa nusu, jamii na serikali, ni wa haki na unawezekana katika wilaya zinazouza kahawa kila msimu.

22. Vitabu vichaguliwe pamoja na wasomaji. Bohari ya Toronto ilikuwa na udhaifu wake: maeneo yalichagua kutoka orodha iliyoidhinishwa na ofisi moja. Isingiro haipaswi kurithi udhaifu huo, wala kupokea makontena ya vitabu vilivyochoka ambavyo nchi nyingine imevitoa rafuni. Kitabu cha zamani cha kodi za nchi ya mbali hakimfai mwanafunzi wa kidato cha pili wa Kyerwa, hata kikiletwa bure.

23. Lugha zetu ziwe na rafu yake. Kiswahili kiwe lugha ya kwanza ya maktaba, Kiingereza kiwepo kwa wanaokihitaji shuleni na kazini, na Kinyambo kipewe mahali pa heshima. Habari za Bweranyange, makao ya kale ya watawala wa Karagwe, na za mtawala Rumanyika, aliyewapokea wasafiri wa Uingereza Speke na Grant mwaka 1861, zimeandikwa mara nyingi na wageni. Wazee wanaozijua kwa Kinyambo wanazeeka. Maktaba inayomfundisha mtoto kuona haya kwa lugha ya bibi yake inarudia kosa la mwaka 1847, hata kama imejengwa kwa nia njema na kufunguliwa kwa sala.

24. Maktaba iwe na mkutubi. Jengo bila mtu aliyefunzwa hugeuka ghala ndani ya miaka michache. Taifa lina chuo cha ukutubi Bagamoyo kinachotoa wataalamu wa kazi hii. Halmashauri inayoajiri mtaalamu wa mifugo na mtaalamu wa ardhi haiwezi kusema mtaalamu wa vitabu ni anasa.

MAAZIMIO

25. Kwa kuzingatia yaliyoelezwa hapo juu, Chama kinaazimia na kutamka kama ifuatavyo:

(a) Kitawasilisha kwa madiwani wa Kyerwa na Karagwe hoja ya maandishi inayoomba kifungu cha kudumu cha maktaba ya umma katika bajeti ya kila halmashauri, kwa fedha za ujenzi, vitabu na mshahara wa mkutubi.

(b) Kinaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa mamlaka iliyopewa na sheria ya mwaka 1975, itume wataalamu wake kukagua mahitaji ya wilaya hizi mbili na kuelekeza namna bora ya kuzihudumia kata za mpakani, zilizo mbali na makao makuu ya wilaya, ikiwemo kurejesha masanduku ya vitabu yanayozunguka pale ambapo jengo bado haliwezekani.

(c) Kinaziomba serikali za vijiji zitenge eneo la maktaba katika mipango yao ya matumizi bora ya ardhi, mahali pasipo ndani ya uwanja wa nyumba yoyote ya ibada na panapofikika kwa miguu na msichana anayerudi nyumbani kabla ya giza.

(d) Kinaviomba vyama vya msingi vya ushirika na chama kikuu cha ushirika cha wilaya hizi, KDCU, vijadili katika mikutano yao mikuu mchango wa hiari wa kila msimu wa kahawa kwa ajili ya vitabu, mchango huo utangazwe kwa wakulima na mapokezi yake yabandikwe ubaoni. Chama kinazitaka halmashauri ziahidi mapema, kwa maandishi, kuongeza kiasi kilekile.

(e) Kinawaomba maaskofu, mapadri, wachungaji, masheikh na maimamu watumie mimbari zao kuitetea maktaba ya wote. Wenye vitabu vya elimu, kilimo na afya visivyotumika katika maktaba zao wanaombwa kuvikabidhi kwa maktaba ya umma itakapoanzishwa, bila sharti la jina wala dhehebu.

(f) Kinaunda kamati ya wanachama na wazee ya kukusanya masimulizi, methali na historia za Kinyambo, kwa ridhaa ya wasimulizi wenyewe na kwa majina yao. Nakala moja itakuwa mali ya maktaba, na nyingine itabaki kwa familia ya msimulizi.

(g) Kinadai kwamba kila kamati ya maktaba itakayoundwa iwe na wajumbe waliochaguliwa na wasomaji, wakiwemo wanawake na vijana, na kwamba orodha ya vitabu vinavyokusudiwa kununuliwa ibandikwe hadharani kabla ya fedha kutolewa, ili mwananchi aongeze au apinge.

26. Chama kinajua kwamba halmashauri zina mzigo mkubwa na mapato yasiyotosha. Kwa sababu hiyo kinapendekeza kazi ianze kwa hatua. Hatua ya kwanza ni chumba kimoja chenye madirisha ya mwanga, daftari la kuazima lililo wazi mezani, na mtu mmoja aliyefunzwa. Hatua ya pili ni masanduku ya vitabu kwa kata nyingine. Jengo kubwa lije mwisho. Maktaba inayoanzia kwenye jengo kubwa hungoja miaka mingi. Inayoanzia kwenye daftari la kuazima huanza wiki inayofuata. Hata hivyo, Chama hakitakubali hatua ya kwanza igeuzwe kuwa ya mwisho.

27. Chama hakitakubali pia kwamba yapo mambo ya wakubwa, na vitabu ni vya baadaye. Mhubiri wa miaka 23 alimjibu kiongozi mkubwa wa koloni lake kwa kalamu, na miaka 24 baadaye nchi yake ikawa na sheria ya shule iliyowapa wananchi maktaba. Watu wa Isingiro wana Katiba, wana sheria ya mwaka 1975, wana madiwani waliowachagua wenyewe. Mhubiri yule alipoanza hakuwa na sheria ya maktaba ya aina hiyo.

WITO

28. Chama kitaliwasilisha tamko hili kwa viongozi waliotajwa, kitalisoma katika kila kata kitakapokaribishwa, na kitawaeleza wanachama kila mwaka, kwa maandishi, ni nani aliyejibu na amejibu nini. Kitafanya hivyo kwa adabu, na hakitanyamaza kwa sababu ya kucheleweshwa.

29. Kwa wananchi wa Isingiro, Kyerwa na Karagwe, Chama kina ombi moja. Katika mkutano mkuu ujao wa kijiji, taarifa ya mapato na matumizi itakaposomwa, kila mmoja anyooshe mkono na kuuliza kifungu cha maktaba ni kipi na kina kiasi gani. Jibu liandikwe katika muhtasari. Likiwa ni sifuri, swali hilohilo liulizwe tena katika mkutano unaofuata, hadi jibu libadilike.

*Limetolewa Isingiro, Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera, kwa niaba ya wanachama wote.*